Somo la Kumi na Mbili: Simu na Maradhi ya Ghafla ya Moyo

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba moyo ni pampu. Husukuma damu mwilini usiku na mchana, hata wakati umelala. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wako wa kushoto, upande wa kidole gumba. Utasikia mapigo. Mwombe mwenzako atazame saa, nawe uyahesabu mapigo hayo kwa dakika moja.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 4,200 kwa saa moja, na mara 100,800 kwa siku moja. Hakuna chombo kingine katika mwili wako kinachofanya kazi ya namna hiyo bila kupumzika.

Pampu ya maji ya kijiji ikiharibika, watu huweza kuchota maji kisimani wakimngoja fundi hata siku mbili. Pampu ya mwili ikiharibika, hakuna nafasi ya kungoja. Katika somo hili utajifunza kwa nini moyo huweza kuugua kwa ghafla, kwa nini kila dakika ina thamani, na jinsi simu ya mkononi inavyoweza kuokoa dakika hizo.

A. MOYO NAO HULISHWA

Moyo ni msuli. Kama misuli mingine yote, unahitaji chakula na oksijeni, na vitu hivyo huletwa na damu. Huenda ukadhani kwamba moyo haupungukiwi na damu, kwa kuwa vyumba vyake vinne vimejaa damu daima. Lakini damu hiyo hupita tu. Kuta za moyo ni nene, na hupata damu yake kwa njia nyingine.

Pale ateri kuu inapotoka moyoni, huchipuka ateri mbili ndogo. Ateri hizi huuzunguka moyo kwa nje na kugawanyika katika matawi mengi, kama mizizi ya mti ishikavyo udongo. Hizi ndizo ateri zinazoulisha moyo. Upana wake ni milimita chache tu.

Jaribio la 1: Ateri iliyoziba

Vifaa: Chupa mbili za plastiki zilizo sawa, vikonyo viwili vya majani ya mpapai vyenye upana sawa, udongo wa mfinyanzi, maji, saa.

Utaratibu:
1. Kata kila kikonyo kipate urefu wa sentimita 10. Hakikisha kina tundu toka mwanzo hadi mwisho.
2. Toboa chupa ubavuni, karibu na kitako. Ingiza kikonyo katika kila tundu, kisha ziba pembezoni kwa udongo ili maji yasivuje.
3. Chukua udongo kidogo, uupake ndani ya mdomo wa kikonyo kimoja, ubakize nafasi ndogo tu.
4. Ziba vikonyo vyote viwili kwa vidole. Jaza maji chupa zote mbili. Ondoa vidole kwa wakati mmoja.
5. Angalia saa. Chupa ipi inakwisha maji kwanza?

Utaona kwamba maji hupita kwa haraka katika kikonyo kilicho wazi, na kwa taabu katika kile kilichopakwa udongo. Sasa sukuma donge dogo la udongo ndani ya nafasi iliyobaki. Nini kinatokea? Maji hukoma kabisa.

Mambo kama hayo hutokea katika ateri za moyo. Kwa miaka mingi mafuta mazito yaitwayo lehemu huweza kujilimbikiza katika kuta za ateri, kama udongo katika kikonyo. Mtu huendelea na kazi zake bila kujua. Kisha siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu huganda mahali hapo, na bonge la damu huziba njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo hukosa oksijeni. Hali hii huitwa mshtuko wa moyo. Wengine huiita shambulio la moyo.

Watu walio katika hatari zaidi ni wale wenye shinikizo kubwa la damu, wenye ugonjwa wa kisukari, wavutao tumbaku, wenye unene uliozidi, na wasiofanya kazi au mazoezi ya mwili.

B. DALILI ZAKE

Mshtuko wa moyo huweza kuwa na dalili hizi:
1. Maumivu au uzito katikati ya kifua, kana kwamba kifua kimewekewa jiwe, yanayodumu kwa dakika kadhaa au yanayokwisha na kurudi.
2. Maumivu yanayoenea hadi begani, mkononi, shingoni, katika taya au mgongoni.
3. Kukosa pumzi.
4. Jasho jembamba la baridi.
5. Kichefuchefu, kutapika au kizunguzungu.

Si wagonjwa wote wanaopata dalili zote. Baadhi ya wanawake, wazee na wenye kisukari hupata uchovu mkubwa na kukosa pumzi tu, bila maumivu makali ya kifua. Kwa sababu hiyo watu wengi hukosea. Mgonjwa husema, "Ni gesi tu," au, "Ni kichomi, kitapita." Hunywa maji ya moto, hulala, husubiri. Hata hospitalini kosa hilo hutokea. Watafiti waliochunguza wagonjwa wenye maumivu ya kifua huko kaskazini mwa Tanzania waligundua kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo walidhaniwa kuwa na maradhi mengine.

C. KILA DAKIKA INA THAMANI

Sehemu ya moyo iliyokosa damu haifi yote kwa mara moja. Huanza kufa kidogo kidogo kabla ya nusu saa kwisha. Baada ya saa 6 hadi 12, sehemu kubwa ya msuli uliokosa damu huwa imekwisha kufa. Ngozi ikikatika, huota tena. Mfupa ukivunjika, huunga. Lakini msuli wa moyo uliokufa hauoti tena. Mahali pake huwa kovu, na kovu halisukumi damu.

Kuna njia mbili kubwa za kuifungua ateri iliyoziba. Njia ya kwanza ni dawa inayoyeyusha bonge la damu. Dawa hii huingizwa katika mshipa kwa sindano. Njia ya pili ni kupitisha mrija mwembamba sana toka mkononi au kwenye paja hadi katika ateri za moyo. Penye kizuizi, puto dogo lililo juu ya mrija hujazwa, nalo huitanua njia. Mara nyingi huachwa hapo kibomba kidogo cha wavu wa chuma ili njia isizibe tena. Daktari Andreas Grüntzig ndiye aliyetumia puto la namna hiyo kwa mara ya kwanza katika ateri ya moyo ya mgonjwa aliye macho, huko Zürich, Uswisi, mwaka 1977.

Katika nchi yetu kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili. Duniani, hospitali zenye huduma hii hujiwekea lengo la kuifungua ateri katika muda usiozidi dakika 90 tangu mgonjwa afike mlangoni.

Basi tazama hesabu ifuatayo. Tuseme bibi yako anaishi Kongowe, wilayani Kibaha. Saa moja kamili asubuhi anapata maumivu ya kifua. Hesabu hizi ni za mfano tu, lakini mambo yaliyomo hutokea kila mahali.

Njia ya kwanza:
Kusubiri maumivu yapite: dakika 120
Kutafuta gari: dakika 40
Kwenda mahali pasipo na kipimo cha moyo na kungoja: dakika 30
Kuhamishiwa hospitali: dakika 30
Kungoja kupimwa: dakika 20
Jumla: dakika 240, yaani saa 4

Njia ya pili:
Kutambua dalili: dakika 10
Kupiga simu: dakika 5
Gari kufika: dakika 15
Kwenda moja kwa moja mahali penye kipimo: dakika 20
Kupimwa na watu waliokwisha jiandaa: dakika 10
Jumla: dakika 60, yaani saa 1

Tofauti ni saa 3. Angalia tena hesabu hiyo kwa makini. Katika njia ya pili gari halikukimbia kuliko kawaida, wala daktari hakuwa hodari zaidi. Kilichopungua ni kusubiri. Hapo ndipo kazi ya simu ilipo. Simu haitibu moyo; simu hupunguza kusubiri.

D. UMEME WA MOYO

Daktari anajuaje kwamba ateri ya moyo imeziba, naye haoni ndani ya kifua? Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo sana unaotembea katika msuli wa moyo. Umeme huo huweza kupimwa juu ya ngozi. Vibandiko huwekwa kifuani, mikononi na miguuni, nacho chombo huchora mstari wenye vilima na mabonde. Msuli ukikosa damu, mara nyingi umbo la vilima hivyo hubadilika. Daktari aliyefunzwa husoma mchoro huo kama wewe usomavyo ukurasa huu. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua hutakiwa kupimwa hivyo katika dakika 10 za kwanza baada ya kufika hospitali.

Mtaalamu aliyetengeneza chombo cha kwanza kilichochora vizuri umeme wa moyo alikuwa Willem Einthoven, wa mji wa Leiden, Uholanzi. Chombo chake kilikuwa kikubwa mno. Kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na kilihitaji watu watano kukiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono yake na mguu katika ndoo za maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme.

Hapo Einthoven alipata taabu. Chombo kilikuwa katika maabara yake, na wagonjwa walikuwa hospitali, umbali wa kilomita moja na nusu. Chombo hakikuweza kubebwa. Wagonjwa mahututi nao hawakuweza kutembezwa. Mwaka 1905 alitumia waya za simu. Mgonjwa alibaki hospitali, na umeme wa moyo wake ukasafiri katika waya hadi maabara, ukachorwa huko. Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kupima umeme wa moyo.

Kwa hiyo wazo la kuunganisha moyo na simu si geni. Lina zaidi ya miaka mia moja. Lililobadilika ni ukubwa wa chombo. Leo kipima umeme wa moyo huweza kubebwa kwa mkono mmoja, na simu haina waya.

E. HABARI HUMTANGULIA MGONJWA

Toka Kibaha hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 40. Gari likienda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, litatumia saa nzima. Barabara ikijaa magari, litatumia zaidi. Lakini mawimbi ya redio yanayobeba habari za simu husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mchoro wa moyo ukipigwa picha au ukitumwa na chombo chenyewe, hubadilishwa kuwa tarakimu, hurushwa hadi kwenye mnara, na toka hapo hupita katika mitambo hadi kwenye simu ya daktari. Kazi yote hiyo huchukua sekunde chache.

Katika nchi mbalimbali wahudumu wa magari ya wagonjwa hutumia njia hii. Humpima mgonjwa akiwa nyumbani au ndani ya gari, kisha hutuma mchoro hospitali. Daktari bingwa huusoma mgonjwa akiwa bado njiani. Akiona dalili za ateri iliyoziba, huamua mambo matatu: mgonjwa apelekwe hospitali ipi, apewe dawa gani kwanza, na akina nani waitwe kuandaa chumba cha matibabu. Mgonjwa anapofika, hapangi foleni. Kitanda kipo, dawa ipo, na watu wapo.

Tafakari jambo hili. Zamani kazi zilifuatana: kwanza safari, kisha kipimo, kisha kumwita bingwa, kisha maandalizi. Sasa kazi hizo hufanyika kwa pamoja. Mama anayepika ugali hangoji mboga iive ndipo ateleke maji ya ugali. Huyateleka maji huku mboga ikichemka, na chakula huwa tayari kwa wakati mmoja.

Lakini kumbuka kwamba simu peke yake haitoshi. Mchoro uliotumwa kwa mtu asiyejua kuusoma ni karatasi tu. Simu isiyo na chaji, au iliyo mahali pasipo na mtandao, ni sawa na jiwe. Na hospitali isiyo na dawa haitasaidiwa na habari zilizofika mapema. Simu ni uzi unaounganisha shanga. Shanga zenyewe lazima ziwepo.

F. MFANO WA NCHI YETU: MPANGO WA M-MAMA

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Leo zimeenea hadi vijijini, na nchi yetu imepata mfano mzuri wa kuzitumia kuokoa maisha. Mfano huo ni mpango wa m-mama. Wagonjwa wake si wa moyo, bali ni wajawazito, akina mama waliojifungua na watoto wachanga walio hatarini. Lakini adui ni yuleyule, yaani kuchelewa.

Mpango huo ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuueneza nchini kote. Hufanya kazi kwa hatua hizi:
1. Mama mwenyewe, jamaa yake au mhudumu wa zahanati hupiga namba 115 bila malipo.
2. Simu hupokelewa katika kituo cha kuratibu usafiri. Mhudumu huuliza maswali yaliyopangwa ili kujua ukubwa wa hatari.
3. Mhudumu hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, huita dereva wa jamii, yaani mwenye gari lake aliyekwisha andikishwa na kufunzwa.
4. Kituo hutoa habari katika hospitali inayompokea mama, ili wajiandae.
5. Mgonjwa akifika salama, dereva hulipwa kwa simu. Jamaa za mama hawatoi fedha.

Angalia busara iliyo katika hatua ya tatu. Vijiji vingi havina gari la wagonjwa, lakini karibu kila mahali kuna mtu mwenye gari. Zamani jamaa walikimbia gizani kugonga milango na kuomba gari, kisha wakapatana bei huku mgonjwa akiugulia. Sasa dereva hujulikana kabla ya hatari kutokea, na malipo yake yamekwisha pangwa.

Ukijifunza kutokana na mpango huu, utaona namna hata mgonjwa wa moyo anavyoweza kusaidiwa: namba ijulikane, mpokeaji aulize maswali sahihi, gari lipangwe mapema, na hospitali iambiwe kabla.

G. NAMNA YA KUPIGA SIMU YA HATARI

Huenda wewe ndiye utakayekuwa nyumbani na mgonjwa. Mtoto wa darasa la tano huweza kupiga simu ikaokoa uhai, mradi ajue la kusema. Anayepokea simu haoni unachokiona. Maneno yako ndiyo macho yake.

Soma mazungumzo haya na mwenzako. Mmoja awe mtoto, mwingine awe nesi.

Mtoto: Shikamoo. Naomba msaada. Bibi yangu ana maumivu ya kifua.
Nesi: Marahaba, mwanangu. Mko wapi?
Mtoto: Tuko Kongowe.
Nesi: Kongowe ipi? Ya Mbagala au ya Kibaha?
Mtoto: Kongowe ya Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Tupo nyuma ya shule.
Nesi: Shule gani? Na mmeingilia upande gani wa barabara?

Umeona kwa nini nesi aliuliza? Kuna Kongowe mbili. Moja ipo Kibaha, mkoani Pwani, katika barabara kuu ya kwenda Morogoro. Nyingine ipo Dar es Salaam, mbele ya Mbagala, katika barabara ya Kilwa. Gari likitumwa Kongowe isiyo yake, dakika zote tulizozihesabu hupotea. Mahali pengi nchini yapo majina yanayofanana namna hiyo. Kwa hiyo taja mkoa, wilaya, mtaa au kijiji, kisha alama inayojulikana na kila mtu: shule, msikiti, kanisa, soko, kisima au mti mkubwa.

Mpe nesi habari hizi kwa mpangilio:
1. Mahali mlipo.
2. Umri wa mgonjwa, na kama ni mwanamume au mwanamke.
3. Anaumwa wapi, na maumivu yalianza saa ngapi.
4. Kama anazungumza na anapumua vizuri.
5. Maradhi aliyo nayo tangu zamani na dawa anazotumia.
6. Namba ya simu unayotumia.

Usikate simu mpaka uambiwe. Mwite mtu mzima aliye karibu. Mkalishe mgonjwa ameegemea kitu, umlegeze nguo zilizombana, wala usimwache atembee. Usimpe dawa yoyote kwa mawazo yako. Madaktari huweza kuagiza mgonjwa atafune aspirini, lakini kuna watu ambao aspirini huwadhuru, na mhudumu wa afya ndiye wa kuamua.

Mtume mtu barabarani alipokee gari. Ikiwa ni usiku, awe na tochi. Wilayani Kibaha hospitali kubwa ni ile ya rufaa ya mkoa, Tumbi, jirani na barabara kuu ya Morogoro. Popote unapoishi, uliza mapema namba ya hospitali au kituo cha afya kilicho karibu. Fahamu pia kwamba namba 112 ni ya Polisi, na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji.

Kamwe usizipige namba hizi kwa mzaha. Mhudumu anapojibu simu ya mchezo, simu ya mtu anayekufa huenda inangoja nyuma yake.

H. MGONJWA AKIZIMIA

Wakati mwingine moyo husimama kabisa. Mgonjwa huanguka, haitiki akiitwa, na hapumui kama kawaida. Sasa mtu mzima aliye karibu lazima akandamize kifua. Mgonjwa alazwe chali mahali pagumu. Mikono miwili iwekwe katikati ya kifua, mmoja juu ya mwingine, na viwiko vinyooke. Kifua kikandamizwe kwa nguvu kishuke kama sentimita 5, kisha kiachwe kipande, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Simu iwekwe sakafuni ikiwa imefunguliwa sauti ya juu, ili nesi aendelee kuelekeza. Anayechoka apokewe na mwingine. Wewe waweza kusaidia kwa kuhesabu kwa sauti.

Jaribio la 2: Kupata mwendo sahihi

Vifaa: Mto au gunia dogo lililojazwa majani makavu, saa.

Weka gunia sakafuni. Likandamize huku mwenzako akitazama saa. Hesabu umekandamiza mara ngapi kwa nusu dakika. Zidisha kwa 2. Je, umefikia kati ya 100 na 120? Rudia mpaka uweze. Usimfanyie jaribio hili mtu aliye mzima.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Moyo ni msuli, nao hulishwa na ateri zake wenyewe.
2. Ateri ya moyo ikiziba, msuli huanza kufa kabla ya nusu saa kwisha, na hauoti tena.
3. Maumivu ya kifua yanayodumu si ya kungojewa yapite.
4. Simu hupunguza kusubiri, kwa sababu habari za mgonjwa humtangulia mgonjwa.
5. Mpiga simu hodari hutaja mahali kwanza, tena kwa ukamilifu.

MASWALI

1. Kwa nini damu iliyo ndani ya vyumba vya moyo haitoshi kuulisha msuli wa moyo?
2. Katika Jaribio la 1, udongo unafananishwa na nini?
3. Taja dalili nne za mshtuko wa moyo.
4. Moyo wa mtoto hupiga mara 85 kwa dakika. Utapiga mara ngapi kwa saa moja?
5. Katika mfano wa bibi wa Kongowe, ni sehemu ipi ya njia ya kwanza iliyopoteza dakika nyingi kuliko zote? Nani angeweza kuzipunguza dakika hizo?
6. Kwa nini Einthoven alitumia waya za simu mwaka 1905?
7. Eleza hatua tatu za mpango wa m-mama. Ni hatua ipi ingefaa kwa mgonjwa wa moyo? Toa sababu.
8. "Simu ni uzi unaounganisha shanga." Eleza maana ya maneno hayo.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua karatasi ngumu. Pamoja na wazazi au walezi wako, andika juu yake namba ya simu ya hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, namba ya mtu mwenye gari anayeaminika mtaani, na maelezo ya njia ya kufika nyumbani kwenu toka barabara kuu. Andika kwa herufi kubwa. Ibandike ukutani mahali ambapo hata mgeni ataiona. Kisha mwombe jirani aisome, umwulize kama angeweza kumwelekeza dereva kwa maelezo hayo. Asipoweza, iandike upya.

MANENO MAPYA

Ateri: mshipa unaotoa damu moyoni.
Bonge la damu: damu iliyoganda.
Lehemu: mafuta mazito yanayoweza kujilimbikiza katika kuta za ateri.
Kikonyo: kijiti kinachoshika jani.
Kuratibu: kupanga shughuli za watu wengi ziende pamoja.
Mahututi: aliye mgonjwa sana.